Manyoni ihamie mkoa wa Dodoma au ibaki Singida?

Mtoto wa Manyoni: Mbukwenyi wadau. Juzi nimetoka Manyoni alfajiri kwenda Singida kufuata sahihi moja, ofisi siitaji. Nafika naambiwa mhusika yuko Dodoma, semina! Sasa nauliza: huku Wagogo tumejaa, ndugu zetu wako Bahi hapo jirani, mkoa wa Dodoma. Kwa nini mji mkuu wa mkoa wetu uwe Singida? Tuhamishiwe Dodoma yaishe.

Karani Mstaafu: Kijana, mkoa hauna mji mkuu, una makao makuu. Mji mkuu ni mmoja nchi nzima, ni Dodoma, na uliamuliwa 1973.

Mtoto wa Manyoni: Shikamoo mzee. Nimeelewa. Nauli lakini niliyolipa ni ileile.

Mnyaturu Halisi: Hameni tu. Manyoni ni nini? Stendi. Basi linasimama, watu wanachimba dawa, wananunua kuku mkavu, safari inaendelea.

Dada wa Itigi: Stendi?? Reli ya kuja kwenu Singida inachepukia wapi kama si Manyoni? Halafu kuku umemtaja wewe, usije ukanilaumu.

Mchumi wa Mtaani: Hisia pembeni. Kutoka Manyoni, Singida na Dodoma zote ni zaidi ya kilomita mia. Mkihama mnaokoa nini? Mwaka 2012 zilipozaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mtu wa Mpanda aliacha kwenda Sumbawanga, huyo kweli kasogezewa huduma. Ninyi mnataka kutoka pembe ya mkoa huu mkakae pembe ya mkoa ule. Mikoa yenyewe ishafika 30.

Karani Mstaafu: 31. Songwe umeiacha wapi? Ilimegwa Mbeya 2016, makao makuu Vwawa. Tunduma na malori yake yote ikakosa.

Mnyaturu Halisi: Kuku wa kienyeji yuko Singida mjini. Huyo wa stendi mnauza mifupa.

Dada wa Itigi: Ulimla lini? Mama yangu mdogo anauza pale. Anawasha mkaa watu wamelala, basi likifunga breki sinia liko dirishani, chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti. Asali nayo utasema inatoka kwenu?

Dereva wa Usiku: Ninasimama pale kila wiki. Paja mnalilaza, upande ulioungua chini.

Dada wa Itigi: Dereva nawe! Si unakula bure?

Dereva wa Usiku: Bure ndiyo, ila meno ni yangu.

Mzawa wa Kondoa: 😂😂 Nirudi kwenye mada. Mnaoikimbilia Dodoma, sisi Kondoa tuko humohumo na vumbi tulilila miaka na miaka mpaka lami ya Babati ilipokamilika. Na Kiteto je? Wanapakana na Kongwa ya Dodoma, lakini tangu Manyara imegwe Arusha 2002 makao makuu yao ni Babati.

Mchumi wa Mtaani: Hakuna aliyejibu hoja yangu ya kilomita.

Dada wa Itigi: Kaka, subiri kwanza. Huyu Mnyaturu aombe radhi.

Mtoto wa Manyoni: Jamani, mimi niliuliza habari za mkoa. Wamenipigia, mhusika karudi. Kesho napanda tena basi kwenda Singida.

Mnyaturu Halisi: Karibu sana. Pitia kwa huyo mama mdogo, uniletee paja moja. Uligeuze kwanza.