Nasafiri nje na watoto wawili peke yangu, nibebe nini na taarifa za uhakika nizitoe wapi?

MamaWawili:
Wakuu habari za humu. Naombeni msaada kwa waliowahi kusafiri nje na watoto wadogo, hii ni mara yangu ya kwanza kutoka nchi nikiwa nao na kichwa kimejaa. Nina wa miaka mitano na mdogo wa mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Ndege ya kwanza ni masaa tisa, transiti masaa manne, afu nyingine fupi ya masaa mawili. Baba yao anabaki kazini kwahiyo niko mwenyewe, tunaenda kukaa kwa dada yangu wiki tano na mdogo atatimiza miaka miwili tukiwa huko huko, mama mkubwa wake ameshaanza kuulizia keki.

Sasa kila nikiingia mtandaoni nakuta orodha ya vitu 60 vya kununua, mara begi linalogeuka kitanda, mara mto wa kujaza upepo wa kuziba pale miguuni, mara mashine ya kupashia maziwa, nikijumlisha naona mizigo ya watoto inawazidi uzito watoto wenyewe. Naomba mniambie kipi mlikitumia kweli na kipi kilikaa kwenye begi mpaka mkarudi nacho. Na taarifa za viza, chanjo na siti mnazitoa wapi maana kila mtu anasema lake. Swali la mwisho la aibu kidogo, kuna ubaya kumpa mtoto ile dawa ya mafua inayoleta usingizi ili alale kwenye ndege?

BabaPacha:
Karibu chamani dada. Mimi nina pacha, nimeshavuka nao mipaka mara nne na kila safari begi linapungua. Mto wa upepo niliununua, mhudumu akaja akaniambia nitoe, mashirika mengine yanakataa kabisa kwa sababu unaziba njia ya kutokea, kwahiyo uliza kabla hujatoa hela. Mashine ya maziwa achana nayo, kuna nchi umeme wake ni volti 120 na nyingine 230, kifaa cha kupasha moto cha 120 ukikichomeka kwenye 230 utasikia harufu tu. Chaja za simu nyingi zinakubali kote (soma nyuma imeandikwa 100-240), unachohitaji ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi basi. Maji ya moto chukua kwenye chupa ya chai ukishapita ukaguzi.

Kitu ambacho siwezi kutoka bila hicho ni mbeleko. Ngoja nikwambie kwanini. Safari ya kwanza tulikuwa na kigari kikubwa kizuri tukakikabidhi mlangoni pa ndege tukijua tutakipata mlangoni tukishuka transiti. Tumeshuka, tumesimama pale kwenye ngazi abiria wote wameisha, jamaa wa mizigo anatuangalia, namuuliza kigari kiko wapi ananionyesha kile kikaratasi, kumbe kimeandikiwa mji wa mwisho. Basi nusu saa natembea kwenye korido zisizoisha, mmoja kalala bega la kulia, begi la pampasi bega la kushoto, kiatu kimoja cha mtoto nimekishika kwa meno, sitanii. Mke wangu alikuwa na mwenzake ila kamfunga mgongoni na mikono iko huru anakunywa maji anatucheka. Kwahiyo kikaratasi kisome kabla hakijafungwa, uliza kigari kinatoka wapi. Au tafuta kile kidogo kinachokunjika kikaingia kwenye kabati la juu, ila pima mwenyewe na ulinganishe na vipimo vya shirika lako, usiamini maandishi ya boksi.

Nguo za kubadilisha za watoto kila mtu anabeba. Beba na YAKO. Mtoto akitapika anatapikia mama.

MkataTiketi:
Nimefanya kazi ya tiketi miaka mingi, na hapa kabla ya mabegi kuna mambo mawili kwenye maelezo yako yamenishtua.

La kwanza hiyo keki. Mtoto wa chini ya miaka miwili anapakatwa, nauli yake safari za nje mara nyingi ni asilimia 10 hivi ya mtu mzima na hana siti. Sasa mashirika yanahesabu umri wa siku ya KILA ndege sio siku uliyonunua tiketi. Akifikisha miwili mkiwa huko, kurudi lazima awe na siti yake na tiketi ya mtoto. Umeshakata? Kama ulimkatia ya kupakatwa kwenda na kurudi piga simu leo, usisubiri kaunta ya kurudia maana pale utauziwa bei ya siku hiyo na ndege ikijaa ndo hivyo tena. Nimeshuhudia mama analia kaunta kwa jambo hili hili, mtoto ana miaka miwili na siku tatu.

La pili baba anabaki. Andaa barua ya ridhaa yake, iwe na majina yenu wote, namba za paspoti, tarehe, mnakofikia, namba yake ya simu, na isainiwe mbele ya wakili. Wakati mwingine hutaulizwa, siku ukiulizwa na huna utakaa kwenye benchi. Sio roho mbaya yao, nchi nyingi zimesaini mkataba wa Hague wa 1980 unaohusu watoto wanaovushwa mpaka na mzazi mmoja bila mwenzie kujua, ndo maana afisa anauliza. Beba na vyeti vya kuzaliwa, hasa kama jina la mwisho la watoto halifanani na lako.

Taarifa za kuingia nchi: kaunta tunaangalia mfumo wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) unaitwa Timatic, na we abiria unaweza kuangalia taarifa hizo hizo kwenye tovuti ya IATA au ya shirika lako. Kisha hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Angalia nchi ya transiti pia, watu wanaisahau. Na paspoti za watoto angalia tarehe, nchi nyingi zinataka ibaki miezi sita, na za watoto sehemu nyingi zinaisha miaka mitano sio kumi.

Kile kitanda kidogo cha ukutani sahau, kina kikomo cha kilo na wako keshakuwa mkubwa. Lakini kama huna siti ya tatu kwenda, omba safu ya mbele au pembeni mwa njia, kwa simu, sio siku ya safari.

NesiMstaafu:
Mwanangu hilo swali la dawa sio la aibu, tunaulizwa kila siku. Jibu ni usimpe. Zile dawa za mafua za usingizi kuna watoto zinawageuza, badala ya kulala anapanda juu ya siti anacheka peke yake, na mdogo kama wako zinaweza kuathiri kupumua. Kama ana mafua kweli siku ya safari muone daktari kwa ajili ya masikio.

Masikio yenyewe: watu wanamaliza chuchu na chupa wakati wa kupaa, wakati maumivu makubwa yako kushuka. Ndege inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, hapo ndo umpe chupa au anyonye, kama amelala muamshe. Mkubwa mpe kitu cha kutafuna.

Kliniki ya wasafiri nenda wiki nne mpaka sita kabla. Nchi inayotaka cheti cha homa ya manjano, kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha, usikubali kudungwa tena eti cha miaka kumi kimeisha. Ukitaka kusoma mwenyewe CDC, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, ina ukurasa wa kila nchi, chanjo, malaria, vyote bure. IAMAT, shirika la kusaidia wasafiri kiafya, nao wana orodha ya madaktari nchi mbalimbali.

Begi langu la dawa ni dogo: kipimajoto, dawa ya homa ya maji na sirinji yake (kipimo kwa kilo za mtoto), plasta, na pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha). ORS soma pakiti, nyingine ni ya lita moja nyingine ni ya mililita 200, ukikosea inakuwa chumvi kali. Dawa zote ndani ya maboksi yake na karatasi ya daktari, kuna nchi dawa ya kawaida kwenu ni marufuku kwao, Japani kwa mfano dawa nyingi za mafua zenye pseudoephedrine huingii nazo.

Zuhura_88:
Mi naongezea moja tu, katuni DAUNLODI nyumbani uzime intaneti ujaribu kama zinacheza. Zangu zilikataa juu mawinguni. Na hedifoni ya waya, ile tundu ya ndege haijui bluetooth. Pawabenki begi la mkononi, chini ya Wh 100 (kipimo cha nguvu ya betri) huulizwi kibali, ya 20,000 mAh ni kama Wh 74.

BabaPacha:
Nilisahau siti ya mtoto ya kufunga kwenye gari. Mimi ni wa kukodi huko huko, kubeba ile kitu ni adhabu.

MkataTiketi:
Hapo sikubaliani na wewe mkuu. Nilikodi mara moja pamoja na gari, nikapewa siti mkanda umefumuka, hakuna kitabu, saa sita usiku mvua inanyesha, ungefanyaje? Mashirika mengi hayatozi siti ya mtoto kwenye mizigo. Na kwa kuwa mdogo atarudi na siti yake anaweza kukaa nayo ndani ya ndege kama imeandikwa inaruhusiwa, siti za Marekani zina maandishi mekundu, upana usizidi kama sm 41. Asiyetaka kubeba kuna mkanda wa CARES wa kumfunga mtoto kwenye siti ya ndege, wa kilo 10 mpaka 20, unaingia mkobani ila ni wa ndege tu, na sio kila shirika linaukubali.

MamaWawili:
Jamani nashukuru sana, sikulala jana. Nimepiga simu asubuhi na kweli kurudi walimwandika wa kupakatwa, yule dada wa simu mwenyewe alikaa kimya kidogo afu akasema "ngoja nimuite bosi". Nimelipa tofauti, siti yake iko pembeni yangu. Wakili tunamwona Alhamisi na baba yao. Mto wa upepo ulikuwa umeshafika nyumbani, watoto wanaulalia kuangalia tv.

Bado swali moja, dada yangu anasema ana siti ya gari ya mwanae wa zamani, iko stoo miaka saba, hiyo inafaa?

NesiMstaafu:
Hapana mwanangu. Plastiki inachakaa hata bila kutumika, angalia chini yake utakuta tarehe imegongwa.

MkataTiketi:
Na kama iliwahi kuwemo kwenye ajali hata ndogo, ndo usiiguse kabisa. Beba yako.