Jina la mama jukwaani: nilivae au nilivue?

Binti wa Mikindani:
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiigiza katika kikundi kimoja cha hapa Mtwara mjini, zaidi maigizo ya jukwaani na mara chache filamu fupi. Mama yangu aliimba na kuchekesha katika ngoma kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulipofika msimu wa korosho na watu wakawa na fedha mkononi, kuanzia Masasi hadi Newala na Tandahimba, ilikuwa nadra sherehe kufana bila yeye. Kwa hiyo mimi, hata kabla sijafungua mdomo, nimekwisha kuitwa mtoto wa fulani.

Mwezi uliopita nilicheza mjane ambaye mashemeji wanataka kumnyang'anya shamba la mikorosho. Katika onyesho la baraza, pale nilipotakiwa kunyamaza tu huku nikikunja na kukunjua pindo la khanga, mzee mmoja wa mstari wa mbele alipaza sauti: "Cheka kama mama yako!" Nami nikacheka. Nilitoa kile kicheko cha mama, kinachoanzia puani na kuishia kwa kupiga goti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nikajua kwamba mjane wangu amekufa palepale. Mwongozaji alinipongeza, jambo lililoniuma kuliko yote.

Je, mwigizaji aliyerithi jina afanyeje ili mtazamaji amwone mhusika badala ya kuuona ukoo? Au nitafute jina jingine kabisa?

Mstaafu wa Jukwaa:
Marahaba mwanangu. Nilisoma Bagamoyo wakati kikiitwa bado Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007, lakini somo lililonikaa zaidi nililipata nyumbani, kwenye lipiko, yule mchezaji ngoma aliyevaa kinyago (wakiwa wengi ni mapiko). Kwetu Wamakonde mchezaji wa mapiko huvishwa kichwani kinyago cha mti mwepesi, na mwili ukafunikwa nguo kiasi kwamba aliyemo ndani hatambuliki. Huenda ni jirani yako wa mlango wa pili, na huenda umekwisha kumjua kwa namna anavyokanyaga, lakini hulitamki jina lake, kwa sababu aliye mbele yako wakati ule ni lipiko. Siku hizi waigizaji husema "kuvaa uhusika". Wazee wetu waliuvaa kwelikweli. (Ninajua kwamba kwa desturi lipiko ni la wanaume, na unayo haki ya kunibishia, ninachukua kanuni yake, miiko yake naiachia wenyewe.)

Kwa maoni yangu, kosa lako lilikuwa kuitika. Mzee yule alimwita binti wa mama yake, na binti akaitika. Angeitika mjane, angemgeukia na kumtazama kama mmoja wa mashemeji wanaomdhihaki, kisha angeendelea kukunja khanga yake taratibu, na nadhani ukumbi ungetulia. Kabla ya kupanda tena jukwaani, jiulize mjane huyu analala upande gani wa kitanda tangu mumewe afariki, na funguo za ghala anazificha wapi. Ukiyajua hayo, hata mtu akikuita kwa jina la nyumbani, hutasikia upesi.

Korosho Ghafi:
Kwa heshima zote, Mzee, jina lisivuliwe hata kidogo. Bango lenye jina la mama yake ndilo linalojaza viti, na kikundi kinalipa ukumbi kwa viingilio. Mtazameni Jane Fonda wa Marekani, ambaye baba yake, Henry, alikuwa mwigizaji mashuhuri kabla yeye hajaanza. Alikwenda kujifunza kwa mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg kule New York, akabaki na jina lake, na kufikia mwaka 1981, alipocheza na baba yake katika filamu moja, alikwisha kupata tuzo mbili za filamu za Oscar za kwake. Mwaka uliofuata baba alipata Oscar kwa filamu hiyo akiwa mgonjwa, na bintiye ndiye aliyempokelea. Dada, wewe fanya kazi.

Mama wa Ligula:
Mwanangu, umetueleza mama anavyocheka na mzee alivyotaka. Wewe mwenyewe unapenda nini?

Binti wa Mikindani:
Ahsanteni sana. Mama wa Ligula, swali lako limenisumbua kwa siku mbili. Ninapenda ming'oko ya kuchimbwa porini, iliyochemshwa kwa chumvi, na huila peke yangu kimya, ilhali mama hawezi kula bila hadhira. Ninapenda taarabu ya zamani, ile ya polepole. Yeye hadi leo ngoma ikilia mbali huacha sufuria jikoni. Kicheko changu halisi hakina sauti, mabega tu ndiyo hutikisika, na sijawahi kukitoa jukwaani kwa kuwa nilidhani hakitafika viti vya nyuma.

Jina nitabaki nalo. Kuhusu kuitika, Mzee, umenipata. Nimeanza kufanya mazoezi huku wenzangu wakiniita kwa jina la mama kutoka kila pembe ya chumba, na jana niliitika mara mbili tu. Igizo litarudiwa Jumamosi. Nimemwomba mama akae mstari wa mbele, karibu na yule mzee.