Selenium, Cypress au Playwright kwa mfumo wa tiketi unaolipiwa kwa M-Pesa?

TiketiPwani
Wadau, naomba ushauri kabla sijaitia timu gharama. Hapa Mombasa tuna mfumo wa kukata tiketi za basi, abiria analipa kwa M-Pesa. Tuna majaribio 140 ya Selenium kwa Java (Selenium, kama Cypress na Playwright, ni zana inayoendesha kivinjari yenyewe ili kuujaribu mfumo). Yanachukua dakika 50, na kila siku matatu au manne huanguka, ukiyarudia yanapita. Vijana wamezoea kupuuza alama nyekundu. Wiki jana ile nyekundu ilikuwa ya kweli, na abiria mmoja akalipishwa mara mbili kwa kiti kimoja. Mimi ndiye niliyempigia simu kumwomba radhi. Je, nikarabati Selenium au nihame? Mliohama mlikuta nini?

Mzee_wa_Java
Pole sana ndugu. Kabla ya kuhama, tafuta Thread.sleep ngapi zimo humo. Nyingi ya hizo ndizo zinazokula dakika zako: programu inalala sekunde 5 hata kama kitufe kimeshatokea, na siku mtandao ukiwa mzito sekunde hizo hazitoshi. Weka WebDriverWait inayosubiri kitufe chenyewe. Selenium imekuwepo tangu 2004, na WebDriver, njia yake ya kuongoza kivinjari, ni kiwango rasmi cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2018. Tangu toleo la 4.6 inajitafutia yenyewe dreva, ile programu inayoiunganisha na kivinjari, ule usumbufu wa zamani umekwisha.

Salma_QA
Shikamoo Mzee. Hapo kwenye sleep nakubali kabisa.
Mimi nimetumia Cypress miaka miwili. Kwa kuona kosa liko wapi inapendeza mno, kila hatua unairudia kwa macho. Ila lugha ni JavaScript au TypeScript tu, na kwa kuwa inaendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe, haiwezi kuongoza vivinjari viwili kwa mpigo. TiketiPwani, jiulize: mmewahi kujaribu abiria wawili wakigombania kiti cha mwisho dakika ileile? Kwenye biashara yako hilo ndilo jaribio la kwanza.

Mjenzi_Kisumu
Hoja ya Salma ndiyo iliyonihamisha kwenda Playwright. Ndani ya jaribio moja nafungua abiria wawili, kila mmoja na kuki zake, wote wanabonyeza "Lipa". Playwright ni ya Microsoft, ilitoka 2020. Kabla ya kubonyeza husubiri yenyewe kitufe kionekane, kitulie na kiwe kimewashwa. Ina WebKit pia, injini ya Safari, kwa hiyo makosa mengi ya Safari utayaona bila kununua Mac. Na kwako kuna heri nyingine: inaandikwa kwa Java vilevile, timu haibadilishi lugha. Vivinjari vyake ni mamia ya MB, vihifadhi kwenye seva ya majaribio visipakuliwe kila mara.

TiketiPwani
Kiti cha mwisho hatujawahi, nakiri. Na malipo je? Playwright inaweza kuigiza STK Push, lile ombi la kuweka PIN linalotokea kwenye simu ya abiria?

Mjenzi_Kisumu
Sehemu tu. Ukituma ombi kwa Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa), jibu la papo hapo linasema ombi limepokelewa, pesa bado. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, moja kwa moja kwenye seva yako. Kivinjari hakiyaoni, kwa hiyo hakuna zana kati ya hizi tatu itakayoyanasa ukurasani. Jaribio lako ndilo liyatume kwa seva: ResultCode 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Playwright na Cypress zinatuma maombi ya HTTP zenyewe, kwa Selenium utatumia maktaba nyingine.

Mzee_wa_Java
Marahaba Salma. Kwa hilo la viti na malipo, Playwright nampa haki yake. Ila kijana, usiyaandike upya yote 140. Na usiiachie akili mnemba ikuandikie majaribio kwa kusoma msimbo uliopo, itakuandikia jaribio linalothibitisha kosa lenu kuwa ndiyo sahihi. Mwambie karani wa kaunta akueleze abiria anatarajia nini, uanzie hapo.

TiketiPwani
Asanteni sana. Nimeamua: majaribio 12 ya viti na malipo yanahamia Playwright kwa Java wiki hii. Mengine yanabaki Selenium, tunang'oa sleep zote.

Salma_QA
Yafanye 13. Tuma matokeo yaleyale mara mbili, CheckoutRequestID (namba ya ombi la malipo) ileile, kisha hesabu tiketi zilizotoka.