Mjadala: Gesi ya Karoo ichimbwe au ibaki chini?

Kipanga wa Tabata: Wadau, nisaidieni. Afrika Kusini wamekaa gizani na mgao wa umeme miaka na miaka, na chini ya Karoo, lile eneo lao la nusu jangwa, kuna gesi. Wamarekani mwaka 2011 walikadiria futi za ujazo trilioni 485. Kampuni ya mafuta ya Shell iliomba kutafiti, serikali ikasimamisha, ikaruhusu tena, mwisho mahakama ikapiga marufuku frakingi, yaani kupasua mwamba chini kwa maji ya presha ili gesi itoke, kisa Makaburu wanaogopea kondoo wao. Kondoo anaizidi nchi nzima? Nawasilisha.

Bint Mwidini: Nipo Cape Town na Karoo nimepita mara nyingi. Shuka Beaufort West uwaone hao "Makaburu" wako. Wengi ni machotara, kazi za kuungaunga. Mji wenyewe tangu 2011 unasafisha maji taka na kuyarudisha bombani watu wanywe. Halafu uje na mtambo unaomeza mamilioni ya lita za maji kwa kisima kimoja cha gesi, yamechanganywa na kemikali? Jaribu kufikiri kabla ya kuandika.

Hakimu wa Kijiweni: Mleta mada, mahakama haikupiga marufuku frakingi. Julai 2019 Mahakama ya Juu ya Rufani, Bloemfontein, ilifuta kanuni za 2015 kwa sababu waziri wa madini alitunga kanuni za mazingira, na mamlaka hayo sheria imempa waziri wa mazingira. Alikaa kiti cha mwenzake, basi. Wakitunga upya kwa utaratibu, uchimbaji unaweza kuendelea.

Ngosha Mkavu: Na hiyo 485 imezeeka. Wamarekani hao hao waliishusha hadi 390 mwaka 2013. Mwaka 2017 wanajiolojia wa Afrika Kusini wenyewe wakaandika kwamba huenda ni trilioni 13 tu. Miamba ya moto ilipenya zamani za kale ikaipika ile tabaka, gesi nyingi ikapotea. Hapo ndipo pa kujadili.

Kipanga wa Tabata: Bint Mwidini, "jaribu kufikiri" kamwambie mumeo. Kesi waliipeleka nani? Treasure Karoo, kundi linalopinga frakingi, pamoja na AfriForum, chama cha kutetea Makaburu. AfriForum ni Wazaramo? Tuliwapa ANC, waliokuwa wakipigana na Makaburu, ardhi Mazimbu, Morogoro, tukagawana nao ugali, leo mtoto wa Kitanzania anasimama na Kaburu kisa kisima.

Bint Mwidini: Mume wangu ameingiaje? Na Mazimbu imeingiaje? Maji yakiharibika chini ya ardhi yanauliza rangi ya mwenye shamba? Wewe hoja ya maji umeiruka, umekimbilia kwenye ndoa za watu.

Mpogoro wa Dallas: Huku Texas hakuna Kaburu, lakini ugomvi ni ule ule. Mji wa Denton walipiga kura Novemba 2014 kukataa frakingi. Mei 2015 jimbo likatunga sheria kuufuta uamuzi wao. Na sheria ya nishati ya 2005 iliitoa frakingi kwenye sheria ya maji salama ya kunywa, isipokuwa wakitumia dizeli. Tofauti ni hii: huku mwenye haki ya madini yaliyo chini ya ardhi analipwa mrabaha, yaani fungu la mauzo, ndiyo maana wengi wananyamaza. Karoo, tangu sheria ya 2002, gesi ni mali ya taifa. Mkulima anabaki na vumbi la malori.

Kipanga wa Tabata: Ahaa! Kumbe angepewa mrabaha, Kaburu angewachomea Shell nyama yeye mwenyewe.

Mzee Jongo: Oklahoma si ardhi ilitetemeka? Niliona picha, frakingi hiyo.

Mpogoro wa Dallas: Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli, Pawnee 2016, kipimo 5.8. Ila kilicholaumiwa zaidi ni maji machafu yanayotoka na mafuta, wanayoyasukuma tena chini kabisa. Kupasua mwamba kwenyewe kulichangia kidogo.

Chidi wa Mikindani: Mnaongelea mrabaha kama kitu kigeni. Mtwara 2013 tulisema gesi isiondoke mpaka tuone faida yake, tukaitwa wachochezi. Na sisi tulikuwa Makaburu?

Hakimu wa Kijiweni: Gesi ya Mnazi Bay, hiyo ya Mtwara, haihitaji frakingi, ipo kwenye mchanga, inapanda kwa presha yake. Usichanganye mada.

Chidi wa Mikindani: Nimeandika faida, sijaandika mwamba. Hakimu gani hasomi jalada?

Kipanga wa Tabata: 😂😂 Jalada limemshinda.

Hakimu wa Kijiweni: Nimesoma sana. Na kuchoma nyumba za watu lilikuwa dai la faida?

Chidi wa Mikindani: Nani alichoma? Mimi? Chunga maneno yako.

Ngosha Mkavu: Jamani, ile 13 niliyoandika juu hakuna aliyeiona?

Kipanga wa Tabata: Ngosha subiri kwanza. Chidi, hivi waliopitiwa mashambani na bomba la gesi ya Mtwara fidia walimaliziwa? Somanga nina shangazi.