Laini zote zimesajiliwa kwa vidole, tapeli aliyemwibia mama yangu hajulikani vipi?

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Juzi saa nne asubuhi bi mkubwa yuko nyumbani Mbagala anakanda unga wa chapati, simu ikaita. Mwanaume, sauti ya upole: "Shikamoo mama, mimi mwalimu wa zamu. Mjukuu wako ameanguka, tumemkimbiza hospitali." Nyuma yake kelele za watoto. Mama kwa kiwewe akataja jina la mtoto mwenyewe, jamaa akalidaka hapo hapo. Daktari hamgusi bila laki mbili na arobaini. Na mama usikate simu!

Alifika kwa wakala unga mikononi, kandambili mguu mmoja, na hela ya kikoba aliyotakiwa kuipeleka jioni. Mtoto muda huo yuko darasani anaandika.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, halafu naambiwa hela imeshatolewa, nenda polisi. Polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa yangu kwenye kitabu chao, nirudi kwa kampuni ya simu. Huko wanataka barua, na wa kuiandika hayupo mpaka Jumatatu. Ile namba bado iko hewani. Nimeipiga mwenyewe, ikaita!

Mwaka 2019 mpaka Januari 2020 tulipigwa jua kwenye foleni, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mkononi, tuweke vidole laini zisizimwe. Tukaambiwa kila laini itakuwa na mwenyewe. Haya, meseji ya muamala imekuja na majina ya mwanamke. Aliyepiga ni mwanaume. Huyo dada wa watu pengine hana habari kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu jana nilibonyeza *106# kwenye simu ya mama. NIDA yake ina laini tatu. Yeye anatumia moja. Nikambana, akamkumbuka kijana wa mwamvuli aliyemsajilia laini pale stendi: "Mama, kidole hakijasoma, futa jasho, weka tena." Akaweka mara tatu.

Wizi unaanzia hapo, chini ya mwamvuli! Kila siku tunahubiriwa tusitoe namba ya siri. Mama hakumpa mtu namba ya siri. Na mimi zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" nazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kila zikiingia, wiki haiishi inakuja nyingine. Yule kijana alisajili kwa simu ya kazi aliyopewa na kampuni, wakitaka kumjua watashindwa nini? Mbona anayesumbuliwa na barua ni aliyeibiwa?

Kesho nampeleka mama akafutiwe hizo laini mbili. Usiku kaniuliza mara mbili: kama zimeshatumika kumwibia mtu, polisi watakuja kumkamata yeye? Ana miaka 67, hajalala. Mwenye kujua sheria anisaidie, nimjibu nini?