Phantom ya hopa kuifanya ya gololi kumi: bodi ya kiwandani au kiwiko cha kuchonga?

Kiwiko_Njiro
Wakuu habari za jioni. Nina Phantom, bunduki ya gololi za rangi (paintball) ya kukoki kwa mkono; shingo ya kuingizia gololi imesimama, inakula kwa hopa, yaani chombo cha gololi cha juu. Mechi inayokuja ni ya gololi kumi kwa neli ya kulala na gesi ya kitungi cha gramu 12. Nifanye lipi: niagize bodi (kiwiliwili cha bunduki) ya kiwandani yenye njia ya kulala, nichonge kiwiko cha bomba nikifunge kwenye shingo hii, au nibaki na hopa nihesabu kumi?

Mkerezaji_Pasua
Mkuu, maelezo hayatoshi. Mtutu una kipenyo gani ndani? Sasa hivi unatumia gesi gani? Na mechi ni Arusha au huku Moshi? Bila hayo swali lako halijibiki.

GololiKumi
Hopa iondoe kwenye hesabu. Gololi kumi ndani ya hopa zinashuka zenyewe. Neli ya kulala inakudai uinamishe bunduki kila unapokoki ili gololi ibiringike, na hapo ndipo ugumu wa mchezo ulipo. Agiza bodi ya kiwandani, umalize.

Kiwiko_Njiro
Samahani wakuu. Mtutu umeandikwa .690, yaani inchi. Natumia chupa ya hewa yenye regyuleta (kisawazisha shinikizo), inatoa shinikizo la baa 58 hivi. Mazoezi ni Ngaramtoni asubuhi, mechi yenyewe Moshi mchana.

Mkerezaji_Pasua
Basi shida yako ya kwanza ni gesi, njia ya gololi inafuata. Hewa yenye regyuleta haibadiliki. Kitungi cha gramu 12 kina kaboni dioksaidi ya kimiminika, na shinikizo lake linafuata joto: nyuzi 14 ni kama baa 50, nyuzi 27 ni kama baa 67. Ukipima mwendo Ngaramtoni saa mbili asubuhi ukapata futi 275 kwa sekunde, mchana Moshi utavuka 280, ambao ndio ukomo wa viwanja vingi (mita 85 hivi). Joto likipita nyuzi 31 hakuna tena kimiminika ndani, na shinikizo linapanda kwa kasi. Kwa hiyo pima pale pale, saa ile ile ya mechi, na vitungi vikae kivulini. Punguza mkazo wa springi ya nyundo (ile inayogonga vali) kidogo kidogo, piga gololi tano kila hatua, chukua ile ya kasi zaidi kuwa kipimo chako. Usiangalie wastani.

Mama_Chronio
Naongeza: usijaribu kurekebisha mwendo kwa kulegeza springi ya vali peke yake. Ikilegea sana vali inachelewa kufunga na gesi inapotea. Phantom iliyotulia inatoa milio 25 hadi 30 kwa kitungi kimoja; ukipata 15, angalia vali na oringi (pete za mpira za kuzuia gesi) kabla ya kulaumu vitungi. Oringi nyeusi za kawaida zinavimba kwa kaboni dioksaidi. Tafuta za poliyurethani, na paka grisi ya silikoni tu.

Fundi_Tengeru
Kiwiko kinawezekana kwa gharama ndogo. Bomba la PVC, gundi, imekwisha.

Mkerezaji_Pasua
Hapana ndugu yangu. Kilichowahi kuletwa hapa karakana kilijengwa hivyo hivyo, kwa bomba la waya za umeme la milimita 25. Ndani lilikuwa karibu milimita 22, gololi ni 17.3. Gololi zikajipanga zigizaga, kila moja ikiegemea ukuta wa upande wake. Kwenye kona, mbili zilikuwa zinabanana na ya mbele inasimama nusu mlangoni. Ukikoki, bolti (kipande kinachosukuma gololi mtutuni) inaikata. Kibaya zaidi, gundi ilikuwa imemwagika ndani na kuacha tuta kwenye kiungo, kwa hiyo hata gololi iliyopita ilikwaruzwa ganda. Rangi iliingia nyuma ya bolti, kila gololi iliyofuata ikawa inapinda hewani, na mtutu kuufuta hakukusaidia kwa sababu uchafu ulikuwa kwenye chemba ya gololi. Ilibidi kufungua bolti, kuosha kwa maji ya vuguvugu, kukausha, kubadilisha oringi mbili. Bomba la 20 nalo ni karibu 17 ndani, gololi haipiti. Unataka 18 hadi 19 ndani, kona ya mviringo, na urefu wa milimita 180 kwa gololi kumi.

GololiKumi
Ndiyo maana nasema bodi ya kiwandani.

Fundi_Tengeru
Bodi hiyo utaisubiri mpaka lini? Na vitungi vya gramu 12 kwa ndege ni mzigo wa hatari, havipokelewi kirahisi.

Mama_Chronio
Na msimletee kitungi cha baiskeli cha gramu 16 chenye nyuzi za skrubu, wala cha gramu 8 cha chupa ya soda. Havikai kwenye chemba ya kitungi cha gramu 12. Mkuu, chemba yenyewe unayo? Ile ya kikombe inabadilishwa haraka, lakini usiifungue kabla gesi haijaisha.

Kokikoki
Vipi kuhusu kushikilia triga huku unakoki, bunduki ifyatue kila unapokoki? Kwenye mechi ya gololi kumi ni haramu kabisa kwangu.

GololiKumi
Gololi kumi zitaisha kwa sekunde nne, acha ashikilie. Mchezo wa kwanza wa paintball, Henniker, New Hampshire, Marekani, Juni 1981, ulichezwa kwa Nelspot 007, iliyotengenezwa kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda siku ile hakufyatua hata moja.

Kokikoki
Ndiyo hoja yangu. Mchezo ni kujificha na kusogea.

Kiwiko_Njiro
Chemba sina bado. Na huo mtutu wa .690, hautaachia gololi zidondoke?

Mkerezaji_Pasua
Zitadondoka zikiwa ndogo. Weka gololi mdomoni mwa mtutu: isianguke yenyewe, lakini itoke ukipuliza kwa nguvu. Baridi ya Juni ganda linakuwa la kukatika, unyevu unalivimbisha, kwa hiyo jaribu kwa boksi lile utakalopigia.

Fundi_Tengeru
Bomba la pazia la alumini la 19 je?

Mkerezaji_Pasua
Ukuta milimita moja kila upande, inabaki 17. Njoo na kalipa (kipimo cha kipenyo) dukani, usinunue kwa macho.