Barua pepe za kampuni: seva ya ofisini au wingu? Naomba ulinganisho wa usalama

Fundi_Kurasini: Wakuu, salaam. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Dar, tuko watu 35. Barua pepe zote ziko kwenye seva yetu wenyewe, Exchange 2016 (programu ya Microsoft ya kuendesha barua pepe), ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mafaili. Kiyoyozi kikizima wikiendi, Jumatatu ukifungua mlango joto linakupiga usoni. Mkurugenzi anaamini taarifa za wateja zikitoka nje ya jengo ndiyo mwanzo wa kuibiwa. Mimi naona tuhamie kwenye wingu, yaani seva za kampuni kubwa tunazozifikia kwa intaneti, ila sitaki kumwendea na maneno matupu. Bei tuiache kwanza, nipeni upande wa usalama.

Mama_Seva: Mdogo wangu, mwanzie na tarehe. Microsoft walimaliza muda wa kuihudumia Exchange 2016, na 2019 pia, tarehe 14 Oktoba 2025. Seva yako ni nyumba ambayo fundi wake wa kufuli ameshafunga duka.

Machi 2021 nilikuwa nasimamia seva kama hiyo. Viraka, yaani marekebisho ya programu, vya tundu la usalama la Exchange liitwalo ProxyLogon vilitoka tarehe 2, na ndani ya siku chache wadukuzi walikuwa wameshaingia kwenye maelfu ya seva duniani. Hawakuhitaji nywila ya mtu; ilitosha seva ionekane kwenye intaneti. Sisi tuliweka kiraka siku ya tano tukashukuru Mungu. Kesho yake nikapekua folda ya aspnet_client ya tovuti ya seva, nikakuta kifaili cha .aspx (ukurasa unaoweza kuendesha amri) ambacho hakuna kati yetu aliyekiweka. Mlango wa nyuma. Kiraka huziba tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Ilibidi tuijenge seva upya. Waliokuwa Exchange Online, ile ya wingu la Microsoft, tundu lile halikuwagusa.

Pwani_Linux: Dada, nakuheshimu, lakini tusimpe kijana picha ya upande mmoja. Mwaka 2023 wadukuzi walipata ufunguo wa Microsoft wenyewe wa kutia saini vibali vya kuingilia, wakasoma barua za maofisa wa serikali ya Marekani, akiwemo Waziri wa Biashara wa wakati huo, Gina Raimondo. Bodi ya uchunguzi ya huko ilisema mwaka uliofuata kwamba jambo lile lingeweza kuzuilika. Ukiwa kwenye wingu, kosa la mwenye wingu ni lako pia, na huna pa kushika.

Halafu Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilikuwa ya kutambaa. Mwenye seva ndani ya jengo aliendelea kuandikiana na wenzake.

Bandari_MSA: Na mteja wa Guangzhou alimwandikiaje? Wakala wa forodha barua zake nyingi ni za nje. Hoja ya nyaya kwake ni nyepesi.

Nuru_K: Jamani, wezi wengi hawavunji seva, wanaingia na nywila. Kampuni moja niliyoisaidia ilikuwa kwenye wingu zuri kabisa. Mhasibu aliandika nywila yake kwenye ukurasa wa kughushi. Mwizi akaweka kanuni kwenye sanduku lake la barua: kila barua yenye neno “invoice” ihamie kwenye folda ya RSS Feeds, ambayo hakuna anayeifungua. Akawa anajibu wateja kwa jina la mhasibu, na namba mpya ya akaunti ya benki. Dada wa watu alilia mbele yangu, na pesa hazikurudi.

Kwa hiyo popote mtakapokuwa: uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na kibali cha pili, mfano kwenye simu) kwa kila mtu, mkurugenzi akiwemo; zuia barua kujipeleka zenyewe nje ya kampuni; weka SPF, DKIM na DMARC, ambazo husaidia kuzuia wengine kutuma barua kwa jina la kampuni yenu, na DMARC isiishie p=none (kutazama tu), ipandishe taratibu hadi reject (kukataa barua za kughushi). Akaunti ya benki ikibadilika, mpigie mteja kwa namba mliyokuwa nayo zamani, siyo iliyo kwenye barua.

Hofu ya mkurugenzi siyo ya bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Someni masharti hayo kabla ya kusaini mkataba.

Fundi_Kurasini: Asanteni sana. Nimetoka kuifungua seva: kiraka cha mwisho ni cha Agosti 2023. Nimekaa kimya dakika nzima. Nakwenda kwake kesho asubuhi na karatasi mbili, ya viraka na ya sheria. Akikubali, nianze na nini?

Mama_Seva: Usingoje akubali: leo hii funga ukurasa wa kuingilia usionekane kutoka nje, na upekue folda niliyokutajia. Kabla ya siku ya kuhama, punguza mapema hadi sekunde 300 TTL ya MX, yaani muda ambao seva za wengine hukumbuka barua zenu zipelekwe wapi, na seva ya zamani iache ikiwaka wiki moja ipokee barua zilizochelewa. Baada ya hapo futa diski zake mwenyewe. Usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu.

Pwani_Linux: Kwa seva ambayo haijaguswa tangu 2023, hapo hata mimi nasema hama.